Mashine ya Farasi Hairudi Kichwani

LIKASI – Katika komini ya Kikula, umeme ukikatika mchana, utaitambua saloni ya mzee huyu kwa masikio tu. Kwa jirani zake mashine zinanyamaza, na mteja aliyenyolewa upande mmoja anabaki kwenye kiti akiomba Mungu. Kwa mzee, sauti inabadilika tu. Mvumo wa mashine ya waya unaondoka, na kri-kri-kri ya tondezi ya mkono inaanza. Kazi inaendelea.

Saloni yenyewe ni kibanda cha mbao chini ya mwembe, na ndani mna kioo kimoja chenye ufa, benchi na rafu. Juu ya rafu kuna mashine tatu za kunyolea, ambazo watu wa hapa wanaziita tondezi. Ya kwanza ni ndogo, ya kuchaji. Ya pili ni nzito, ya waya, yenye ganda jeusi. Ya tatu ni chuma kitupu chenye mikono miwili kama mkasi, na mzee aliirithi kwa baba yake, aliyeinunua wakati mji huu ungali unaitwa Jadotville, kabla ya mwaka 1966.

Chini ya rafu kuna sanduku la mashine ambazo watu wengine wamezitupa. Kijana anayefanya kazi naye alizoea kuziita maiti. Mzee hakupenda neno hilo.

“Hazikufa,” alimwambia. “Zinaumwa. Uliza kwanza zinaumwa wapi.”

Kijana huyo ana miaka kumi na saba. Alifika Likasi na mama yake na wadogo zake wawili, wakitoka upande wa Mitwaba, baada ya watu wenye silaha kupita kijijini kwao. Wanne wote wanalala katika chumba kimoja kwa ndugu wa mama. Alianza kwa kufagia nywele ili apate pesa ya unga. Baada ya wiki tatu alikuwa anafungua mashine. Baada ya miezi minne, wateja wengine walikuwa wanamtaka yeye, kwa sababu mkono wake ni mwepesi nyuma ya masikio.

Mambo mengi aliyojifunza si magumu, ila yanataka uvumilivu. Mashine ikivuta nywele badala ya kukata, watu wengi wanasema meno yamekwisha, wananunua mengine. Mzee anaanza na brashi. Anafungua visi mbili, anatoa meno, anapiga brashi kavu, kisha anasugua kwa petroli ya taa kidogo na kukausha kwa kitambaa. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa uchafu. Halafu yanakuja mafuta: matone matatu tu, mafuta mepesi ya cherehani. Mawese hapana, na mafuta ya kupikia hapana, kwa kuwa yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya siku chache meno yanakwama kama yamepakwa gundi.

Meno yakiwa butu kweli, mzee anabandika karatasi ya msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, maana kioo hakina mabonde. Anaweka meno upande wa bapa, anayavuta pole pole, mara ishirini au thelathini, bila kuyainamisha. Anapoyarudisha, meno ya juu yanayotembea hayafiki usawa wa yale ya chini. Yanabaki nyuma kidogo, kama unene wa ukucha. Yakilingana au yakipita mbele, yanakata ngozi. Kijana alijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Ana kovu dogo la kumkumbusha.

Ile mashine nyeusi ya waya ina siri yake pia. Haina injini ya kuzunguka. Ndani mna koili na kipande cha chuma, na umeme unakivuta na kukiachia. Umeme wetu unageuka mara 50 kila sekunde, na kila mara unavuta mara mbili, kwa hiyo meno yanacheza mara 100 kwa sekunde moja. Ubavuni kuna visi moja. Mashine ikipiga kelele kama sufuria inayogongwa, usiitupe. Geuza visi hiyo pole pole mpaka kelele iishe na mvumo ubaki. Umeme ukipungua nguvu jioni, sauti inabadilika, nayo visi inataka kuguswa tena.

Mashine moja tu katika sanduku lile ilikuwa imekufa kweli. Mtu aliletewa zawadi na ndugu yake aliye Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120. Akaichomeka moja kwa moja kwenye 220. Koili iliungua siku ya kwanza. Mzee alichukua meno yake, springi na visi, akamrudishia mwenyewe ganda.

Mgeni mmoja alikuja mwezi wa sita, wakati wa baridi, akiwa amevaa koti zito. Alitoka Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, kumtembelea kaka yake huko Panda. Kazi yake ni kutunza farasi.

Wateja waliokaa kwenye benchi waligeuka. Likasi, mtoto anaweza kukua mpaka aoe bila kumwona farasi kwa macho. Katika sehemu kubwa ya nchi hii, ndorobo wanabeba ugonjwa unaoua farasi, ndiyo maana wazee wetu hawakuwafuga. Walioko Katanga ni wachache, na huko Lubumbashi kuna kilabu cha watu wanaowapanda.

“Mzee,” mgeni alisema baada ya salamu, “nimeambiwa una tondezi za zamani. Natafuta moja ya farasi.”

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alimuuliza anataka kumnyoa farasi wapi.

Mtunza farasi akaeleza. Mwili mzima wa farasi unataka mashine kubwa, yenye injini ya nguvu na meno mapana. Ila kuna sehemu ndogo: nyuma ya masikio, pale mkanda wa kichwa unapopita, na nyuma ya miguu juu ya kwato, ambako manyoya yanashika matope na unyevu mpaka ngozi inachubuka. Kuna pia kidonda, ambacho lazima manyoya ya pembeni yaondolewe kabla ya kuosha. Kwa sehemu hizo mashine kubwa inatisha. Farasi anaogopa kelele. Mashine ya kichwa cha mtu, ndogo na yenye sauti ya chini, inafaa zaidi.

“Na ndevu za mdomoni?” kijana aliuliza.

“Hizo siziguswi,” alijibu. “Farasi anapapasa nazo. Haoni kilicho chini ya pua yake.” Tangu mwezi wa saba mwaka 2021, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi linakataza kushindanisha farasi aliyenyolewa nywele hizo.

Ajabu kwa waliokaa kwenye benchi ilikuwa kusikia kwamba mashine ya mtu na mashine ya farasi ni ndugu wa damu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kampuni moja ya Chicago ilianza kutengeneza mashine ya kunyolea farasi iliyozungushwa kwa mkono. Mtu mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anashika meno mwishoni mwa bomba linalopindika. Na mwaka 1919, Leo Wahl, huko Illinois, aliomba hati ya mashine ya umeme inayoshikwa mkononi kwa ajili ya vinyozi. Kwa mtu na kwa mnyama kanuni ni moja: safu mbili za meno, moja imetulia na nyingine inatembea juu yake.

Mzee alimwambia kijana achague mashine katika sanduku na kuitengeneza. Ingekuwa kazi yake ya kwanza peke yake, na pesa ingekuwa yake. Kijana alichukua mashine ya kuchaji ambayo betri yake ilikuwa imechoka, akaweka betri kutoka mashine nyingine yenye ganda lililovunjika, akanoa meno, akabadilisha springi. Alichagua ya betri kwa makusudi, kwa sababu mzee alimkumbusha kwamba zizi lina maji chini, na waya wa umeme juu ya sakafu yenye maji ni kifo cha mtu na cha farasi.

Siku ya tatu mgeni alirudi. Akapewa mashine na maagizo: manyoya yaoshwe na yakauke kwanza, kwa kuwa vumbi na chumvi ya jasho vinamaliza meno kuliko manyoya yenyewe; kila baada ya dakika chache aguse meno kwa ndani ya mkono wake, na yakiwa ya moto apumzike; tena amwache farasi asikie sauti kwa muda kabla ya kumgusa. Jambo hilo la mwisho mgeni alilijua kuliko wao. Alilipa pesa inayotosha mifuko miwili ya unga. Kijana alikimbia nyumbani bila kufunga mlango wa saloni.

Mambo yangeishia hapo kama mtu yule hangerudi.

Alirudi mwishoni mwa mwezi wa nane. Wenye farasi walikuwa wamenunua mashine mpya. Ile ya zamani alikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa, bado nzima.

“Kijana yangu,” alisema, “mimi sina kazi nayo tena. Wewe uliitengeneza. Chukua, anza maisha.”

Moyo wa mtu huyo ulikuwa mzuri, na yeyote aliyekuwapo aliliona hilo. Kijana aliipokea kwa mikono miwili. Jioni ile alimweleza mzee mpango wake. Pale anapokaa, familia nyingi zilizokimbia zina watoto wanaokwenda shule mwezi wa tisa. Saloni ni ghali kwa mama mwenye watoto watano. Yeye angewanyoa chini ya mti, kwa nusu ya bei, na angeanza na mdogo wake.

Mzee aliomba mashine. Akaifungua. Akanyunyiza juu ya karatasi nyeupe kilichokuwa ndani: vumbi, magamba ya ngozi na manyoya mafupi ya kahawia.

“Hii hapana,” alisema. “Mashine ya farasi hairudi kichwani.”

Kijana alifikiri ni utani. Alipoona si utani, alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu. Alisema meno yanaweza kuchemshwa, mzee mwenyewe alimfundisha. Alisema farasi wa matajiri wanaoshwa kuliko watoto wa kwao. Mwishoni alisema neno ambalo lilikuwa limekaa kooni siku nyingi:

“Papa, wewe una mashine tatu. Mimi nina hii moja.”

Mzee hakumjibu haraka. Alianza na yale ya meno. Ndiyo, meno yanachemshwa, yanakaushwa palepale na kutiwa mafuta yasishike kutu. Lakini ganda la plastiki, betri na koili haziingii kwenye maji ya moto, na ndani yake ndimo manyoya yanakaa. Farasi anaweza kuwa na ukungu wa ngozi, yale madoa ya mviringo yanayofanana na mapunye ya watoto, na ukungu huo unaweza kumpata mtu. Mbegu zake zinakaa hai kwa miezi kwenye unywele mmoja uliofichika. Hata kati ya mtu na mtu kuna hatari: virusi vya homa ya ini ya aina ya B vinaweza kukaa hai siku saba nje ya mwili, kwenye tone la damu ambalo macho hayalioni. Kinyozi anayesahau hilo anaweza kubeba ugonjwa kutoka kichwa hadi kichwa siku nzima huku akiimba.

“Farasi yule alikuwa mzima,” kijana alisema.

“Labda. Wewe ulimpima?”

Kijana alinyamaza. Mzee akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Na kuna lingine. Watu wanaokimbia wanapewa mabaki. Nguo ambazo mwenyewe hazimtoshi, unga ambao wengine wameukataa, chumba ambacho maji yanaingia. Wanashukuru, maana wafanye nini. Watu wengine watawaambia kwamba hayo yanawatosha. Wewe mtoto wao usiwe wa kuwaambia hivyo. Mama akijua kwamba mashine iliyopita kwenye kichwa cha mwanawe ilitoka kwenye mguu wa farasi, atakuambia nini?”

Kijana hakujibu. Aliiacha mashine juu ya meza akaenda nyumbani. Siku iliyofuata hakuja kazini. Siku ya pili pia hakuja.

Siku ya tatu mzee alifunga saloni mapema, akaenda kwake. Alimkuta ameketi nje na mama yake akichambua matembele. Mzee alisalimia, akapewa kiti, akatoa kutoka mfukoni ile tondezi ya mkono, ya chuma kitupu. Akasimulia kwa nini haijauzwa mpaka leo.

Kuanzia mwezi wa nane mwaka 1992, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kwenye nyumba zao hapa Likasi. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao au babu zao walikuja kwa kazi ya migodi na ya reli. Walijaa kwenye stesheni na kwenye shule, wakingojea treni ya kwenda nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Walingoja wiki, wengine miezi, wakilala kwenye mizigo yao. Chawa wakaingia vichwani mwa watoto.

Baba yake mzee alikuwa na wateja wengi miongoni mwa watu hao. Jirani mmoja alimwonya asiende, watu watasema yeye ni wa upande gani. Akaenda. Stesheni haikuwa na mahali pa kuchomeka mashine, kwa hiyo alichukua hii ya mkono, chupa ya petroli ya taa, sabuni na sufuria. Alinyoa watoto tangu asubuhi mpaka kiganja kikavimba. Baada ya kila kichwa aliosha meno. Baada ya vichwa kumi alichemsha. Mwanawe, ambaye ndiye mzee wa leo, alikuwa anabeba maji.

“Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda kuchemsha, watu wenyewe wanalala kwenye vumbi,” mzee alisema. “Akanijibu: hao ni wateja wangu.”

Mama wa kijana aliacha kuchambua mboga.

Mzee aliiweka tondezi juu ya kiti, akasema anaikopesha, haitoi. Kijana ataitumia mpaka anunue yake, kisha itarudi kwenye rafu. Akaongeza sharti moja: wiki mbili za kujifunza kwanza, juu ya kichwa cha mzee mwenyewe.

Tondezi ya mkono inamuadhibu mtu mwenye haraka. Ukisukuma kuliko unavyobana, inang'oa. Lazima mkono mmoja ubane na kuachia kwa mwendo mmoja, kama moyo unavyopiga, huku mashine ikipanda pole pole. Ukifika mwisho, unaendelea kubana hata baada ya kuacha kusukuma, halafu ndipo unaiondoa. Nati ya katikati nayo ina kipimo chake. Ikilegea, nywele zinaingia kati ya meno. Ikikazwa mno, kidole gumba kinakufa ganzi. Siku za kwanza mzee alitoka machozi. Alisema ni mafua.

Mwaka wa shule ulipoanza, kijana alikuwa chini ya mti na kiti kimoja, beseni, sabuni, sufuria kwenye mbabula wa makala, na saa ya mkononi iliyowekwa juu ya tofali. Meno yanasuguliwa baada ya kila mtoto, na yanachemshwa kwa dakika kumi wakati watoto wanaofuata wakipanga mstari. Kwa kuwa hakuna umeme, hakuna anayebaki na kichwa nusu. Mama mmoja aliyekimbia na watoto watatu alimuuliza kwa nini anachemsha chuma kama mihogo. Kijana alimwambia. Mama akaenda kuwaita wengine.

Na ile mashine iliyotoka kwa farasi? Haikutupwa. Inaning'inia kwenye msumari wake peke yake, mbali na rafu, ikiwa imefungwa uzi mwekundu ili mtu yeyote asikosee. Kikula hakuna farasi, lakini kuna mbuzi na mbwa, na mbuzi aliyechanwa na waya lazima anyolewe manyoya kuzunguka kidonda kabla ya kuoshwa, la sivyo nzi watataga humo. Mtu mwenye mnyama wa namna hiyo anakuja, kijana anachukua mashine ya uzi mwekundu, anamaliza, ananawa mikono kwa sabuni, anasafisha, anatia mafuta matone matatu, anairudisha kwenye msumari. Brashi yake ni nyingine. Kitambaa chake ni kingine.

Kwa familia zinazofika Likasi bila kitu, na kwa vijana wanaotafuta kazi ya kuanzia, mzee anasema sanduku lake liko wazi kila siku isipokuwa Jumapili. Anayekuja na mashine mbovu hatalipa kwa kuonyeshwa inaumwa wapi. Aje na kipande cha kioo, karatasi ya msasa na subira. Swali la kwanza atakaloulizwa, kabla ya visi kuguswa, ni hili: mashine hii ilikuwa ya nani, na ilinyoa nini?

Mwezi uliopita kijana aliweka pembeni pesa ya kwanza ya kununua tondezi yake. Inakaa kwa mama yake, ndani ya kopo la maziwa. Mzee ameulizwa kama ana haraka ya kurudishiwa ile ya baba yake. Alijibu kwamba rafu haijalia.